Uzi wa Sekela Unaangalia Wapi?

Njoo ukae hapa karibu yangu. Jifunike vizuri. Nitakusimulia habari za Sekela na mdogo wake, Lugano.

Sekela aliishi Mbeya, kwenye baridi. Nyumba yao ilikuwa na bati la bluu. Uani palikuwa na bomba la maji.

Ilikuwa miezi ya kipupwe. Mvua hakuna. Hewa ilikuwa kavu, kavu kabisa. Midomo ya watu ilipasuka, na kila mtu alijipaka mafuta.

Sekela alivaa sweta jekundu la manyoya na soksi nene. Lugano alivaa kofia ya sufu iliyomshuka mpaka kwenye nyusi.

Lugano alikuwa mdogo. Ndiyo kwanza amejua kutembea. Alitembea kidogo, akakaa. Akainuka, akatembea tena, akakaa.

Kusema alijua neno moja tu. "Kela." Maana yake ni Sekela.

Akiamka asubuhi, "Kela." Akimaliza uji, "Kela." Hata akianguka, hamwiti mama. Anaita, "Kela."

Siku moja Sekela alikuwa anacheza sebuleni. Alikuwa anateleza kwa soksi juu ya mkeka wa plastiki.

Shwa, shwa, shwa. Akateleza mpaka mlangoni. Shwa, shwa, shwa. Akateleza kurudi.

Lugano alikuwa anamtazama. Alicheka mpaka kofia ikamfunika macho.

"Kela," akasema.

Sekela akaipandisha kofia. Akanyoosha kidole, amguse mdogo wake puani.

Ta.

Kilikuwa kitu kidogo sana, kama mchomo wa mwiba. Sekela mwenyewe alishtuka.

Lugano akajishika pua. Mdomo wake ukatetemeka. Kisha akalia.

Sekela alikwenda kuchukua mwanasesere ili ambembeleze. Shwa, shwa, shwa, soksi juu ya mkeka. Akarudi mbio. Akamshika Lugano mkono.

Ta.

Lugano akalia zaidi. Akaondoka anayumbayumba, akaenda kujificha kwenye kitenge cha Mama.

"Umemfanya nini mwenzio?" Mama akauliza. "Umemfinya?"

"Sijamfinya, Mama. Nimemgusa tu."

Mama alimtazama Sekela. Akaona macho yake yamejaa machozi.

"Haya. Nimekusikia," Mama akasema.

Usiku ukapita. Asubuhi Lugano akaamka.

Sekela alikuwa ameshaamka. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anasubiri kuitwa.

Lugano alimtazama usoni. Akaitazama mikono yake. Hakusema "Kela."

Alipomaliza uji hakusema "Kela." Alipoanguka mlangoni, alimwita Mama kwa kulia.

Sekela alinyoosha mkono amwinue. Lugano akaficha mikono yake yote nyuma ya mgongo.

Basi Sekela akaitia mikono yake mifukoni. Akaiacha humo humo.

Jumamosi Shangazi Subilaga akaja kuwatembelea. Shangazi ni dada yake Baba. Anafundisha fizikia shule ya sekondari.

Fizikia ni somo la kujua kwa nini vitu huanguka, huvutana, husukumana na huwaka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo hunipi mkono?"

Sekela alitazama chini. "Mikono yangu inauma."

"Pole. Inauma wapi?"

"Hainiumi mimi. Inawauma watu."

Shangazi hakucheka. Aliweka pochi yake chini, akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na uso wa Sekela.

"Nani imemuuma?"

"Lugano. Nilimgusa pua, ikafanya ta. Nikamgusa mkono, ikafanya ta. Sasa hataki kuniita."

"Nipe mkono mmoja nione."

"Utakuuma."

"Mimi mtu mzima. Nitavumilia."

Sekela akatoa mkono mmoja mfukoni, polepole. Shangazi akaushika. Akaugeuza juu, akaugeuza chini. Akaupuliza, kwa sababu ulikuwa wa baridi.

Hakuna kilichotokea.

"Siku ile ulikuwa unafanya nini?" Shangazi akauliza.

"Nilikuwa nateleza kwenye mkeka."

"Na soksi hizo? Na sweta hilo?"

"Ndiyo."

"Basi naijua hiyo. Ni umeme."

Sekela akatazama swichi ya ukutani. Mama alimkataza kabisa kuichezea.

"Si ule," Shangazi akasema. "Ule wa ukutani ni mwingi. Ni hatari, hatuugusi. Huu wako ni mdogo sana. Nguo zikisuguana wakati wa hewa kavu, unajikusanya. Tunauita chaji."

"Sijauona."

"Hata mimi siuoni. Lakini tunaweza kuuchora."

Sekela akafikiri. "Mtu anachoraje kitu asichokiona?"

"Anauliza uzi," Shangazi akasema.

Mama alikuwa amekaa dirishani, anashona kifungo. Akawakatia kipande cha uzi, kifupi kama kidole. Shangazi akakifunga kwenye njiti ya kiberiti.

Halafu akatoa puto la njano kwenye pochi. Akalipuliza. Fuuu. Fuuu. Fuuu. Puto likawa kubwa kama kichwa cha Lugano.

Akatandika mezani kalenda ya zamani. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, mkubwa, haujachorwa kitu.

"Sasa lisugue kwenye sweta lako."

Shwa, shwa, shwa. Sekela akalisugua puto. Shwa, shwa, shwa.

Shangazi akalibandika puto katikati ya karatasi. Akampa Sekela ile njiti.

"Usiliguse puto. Sogeza uzi karibu tu. Halafu uulize."

Sekela alishika njiti. Uzi ulikuwa unaning'inia. Akausogeza taratibu. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Uzi, uzi mwembamba,
unaangalia wapi?"

Uzi ukatikisika. Ukainuka. Ukasimama hewani, ncha yake ikiliangalia puto.

Hakuna aliyeushika. Hakukuwa na upepo.

Sekela akainama kuutazama vizuri.

"Chora ulivyouona," Shangazi akasema.

Sekela akachukua penseli. Akachora mstari mfupi, mahali palepale uzi ulipopita.

Akaenda upande wa dirisha.

"Uzi, uzi mwembamba,
unaangalia wapi?"

Uzi ukainuka. Ukaliangalia puto. Sekela akachora.

Akaenda upande wa mlango. Uzi ukaliangalia puto. Akaenda upande wa Mama. Uzi ukaliangalia puto. Akazunguka meza yote, anauliza, anachora.

Karibu kabisa na puto, uzi ulinyooka kulielekea. Mbali kidogo, uliinama. Mbali zaidi, ukaning'inia tu, kana kwamba hauna habari.

Alipomaliza, puto lilikuwa na mistari pande zote.

"Kama jua," Sekela akasema.

"Kama jua," Shangazi akasema. "Tazama karibu na puto. Mistari imebanana. Hapo chaji inavuta kwa nguvu. Huku mbali mistari imeachana. Huku inavuta kidogo tu."

Sekela akaigusa mistari kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa mistari ya penseli tu. Lakini sasa alijua kuna kitu hapo.

"Na likiwa na mwenzake?" akauliza.

Shangazi akapuliza puto la kijani. Fuuu. Fuuu. Fuuu. Sekela akalisugua kwenye sweta, vilevile kama lile la kwanza.

Wakaliweka karibu na la njano. Puto la kijani likarudi nyuma. Wakalisogeza tena. Likarudi nyuma tena, taratibu, bila kelele.

"Hayapendani?" Sekela akauliza.

"Yana chaji ya aina moja. Chaji za aina moja husukumana. Lishike hapo, nilibandike."

Sekela akauchukua uzi.

"Uzi, uzi mwembamba,
unaangalia wapi?"

Safari hii mistari haikunyooka. Ile ya puto la njano ilipofika karibu na ya kijani, ilipinda. Ya kijani nayo ilipinda. Haikugusana hata mahali pamoja.

Katikati, baina ya maputo mawili, uzi uliyumba kidogo. Kisha ukaning'inia tu.

"Hapa pamenyamaza," Sekela akasema. Akapaacha peupe, hakuchora kitu.

Akapatazama mahali pale peupe kwa muda mrefu.

"Shangazi. Mimi na Lugano tumekuwa hivi."

Shangazi akamvuta karibu. "Haya ni maputo, mwanangu. Ninyi ni watu."

Kisha akamwambia Sekela avue sweta. Lilipopita kichwani lililia, tas, tas, tas. Nywele za Sekela zikasimama.

Wakaondoa puto la kijani. Wakaweka sweta mahali pake.

Puto la njano halikurudi nyuma. Liliegemea upande wa sweta, kana kwamba linataka kunong'onezwa.

"Hivi ni vya aina mbili tofauti," Shangazi akasema. "Tofauti huvutana. Haya, uliza."

Sekela akauliza. Uzi ukaangalia puto. Akausogeza. Uzi ukalala baina ya vitu viwili, ncha huku, mkia kule. Akausogeza tena. Ukaliangalia sweta.

Akachora mstari mrefu kutoka puto mpaka sweta. Akachora mwingine. Na mwingine, uliopinda kama upinde.

"Wameshikana," akasema.

Mama aliacha kushona. Akaja kutazama. "Kumbe sweta nililonunua mnadani lina mambo yote haya," akasema.

Sekela akavaa sweta lake. Akasimama pale. Kulikuwa na swali ambalo aliogopa kuliuliza. Mwishowe akaliuliza.

"Na mimi je?"

"Teleza tuone," Shangazi akasema.

Shwa, shwa, shwa, mpaka mlangoni. Shwa, shwa, shwa, mpaka mezani.

Sekela akanyoosha kidole. Safari hii Shangazi ndiye aliyeshika njiti.

"Uzi, uzi mwembamba,
unaangalia wapi?"

Uzi ukainuka. Ukanyooka. Uliangalia kidole cha Sekela.

Sekela akaona. Machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Ni mimi niliyemuumiza."

"Ni kweli," Shangazi akasema. "Lakini hukujua. Na wewe si mbaya. Umejaa chaji tu. Hata mimi nikiteleza hapo nitajaa. Hata Mama."

Sekela akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Nataka kuona ilivyoruka."

"Lugano hayupo. Ametoka na Baba."

"Ndiyo."

Shangazi akafikiri kidogo. Akainama, akaleta uso wake mbele. "Tumia pua yangu."

Mama akashika njiti. Sekela akanyoosha kidole kuelekea pua ya Shangazi, lakini kwa mbali. Uzi ukaangalia kidole. Akakisogeza karibu zaidi. Uzi ukanyooka, ukakakamaa.

"Hapa baina yetu," Shangazi akasema, na pua yake haikusogea, "mistari inabanana. Inabanana kama watu wengi kwenye mlango mmoja. Sogea kidogo."

Sekela akasogea kidogo.

"Sogea tena. Ikibanana sana, chaji inaru—"

Ta.

Shangazi akajishika pua. Machozi yakamlengalenga.

"Aa," akasema. "Kweli inauma kidogo."

Mama alijitahidi asicheke. Akashindwa. Sekela naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Kisha akachukua penseli. Akachora kidole. Akachora pua. Katikati akachora mistari mingi, mingi, imebanana mpaka ikawa nyeusi.

"Nifanyeje isiruke kwa Lugano?" akauliza.

"Ipe njia nyingine. Chaji hupenda kwenda ardhini. Lile bomba la uani ni la chuma, limeshuka mpaka chini ya udongo. Ukilishika, chaji itashuka humo."

"Itafanya ta?"

"Itafanya."

"Itaniuma mimi?"

"Kidogo. Kama ilivyoniuma mimi."

Sekela akafikiri. Lugano hakujua kwamba inakuja. Yeye angalau anajua.

"Sawa," akasema.

Akateleza tena mpaka akajaa. Shwa, shwa, shwa. Mlangoni akatumbukiza miguu kwenye ndala. Akaenda uani na mikono juu, asiguse chochote.

Mama akataka kumwekea sawa kola ya sweta.

"Usiniguse, Mama. Nimejaa."

Mama akarudisha mkono wake.

Bomba lilikuwa pale, limesimama juani. Tone moja la maji lilikuwa linaning'inia mdomoni mwake.

Sekela akanyoosha kidole. Akakirudisha. Akakinyoosha tena. Akafumba macho.

Ta.

Akafumbua macho. Kidole kilikuwepo. Bomba lilikuwepo. Iliuma, halafu ikaisha.

Shangazi alikuwa ameleta njiti na uzi.

"Uzi, uzi mwembamba,
unaangalia wapi?"

Uzi haukuinuka. Shangazi akausogeza karibu na kidole gumba. Haukuinuka. Akausogeza karibu na kidole kidogo. Uzi uliangalia chini tu, kama uzi wowote.

"Imeshuka," Sekela akasema.

Akavua soksi. Akavua sweta. Mama akamfunga kitenge cha pamba shingoni, kikamfunika mpaka magotini. Sekela akarudi ndani peku, sakafu ikimgandisha nyayo.

Kwenye karatasi akachora mkono mmoja. Hakuuwekea mstari hata mmoja.

Mara lango likalia. Baba alikuwa amerudi, amembeba Lugano begani.

Sekela akaruka. Akakimbia mpaka mlangoni, mikono mbele.

"Lugano, imekwisha. Haiumi tena. Njoo."

Lugano aliona mikono ikija. Akaficha uso kwenye shingo ya Baba. Akalia.

Sekela akasimama palepale. Mikono ikashuka.

Akarudi kwa Shangazi. "Lakini uzi umesema imekwisha."

"Lugano hajauona uzi," Shangazi akasema.

"Sasa nifanyeje?"

Shangazi alitazama mistari yote iliyo kwenye karatasi. Akatikisa kichwa taratibu.

"Hilo silijui, mwanangu. Chaji naijua. Hilo la Lugano unalijua wewe zaidi."

Sekela akakaa chini. Alimfikiria Lugano. Lugano hapendi kuvutwa. Hapendi kushikwa ghafla. Anapenda kuangalia vitu kwanza. Anaangalia, anaangalia, ndipo anagusa.

Sekela akabandua puto, akashusha karatasi kutoka mezani. Akaitandika sakafuni, mbali na ule mkeka. Akalala kifudifudi juu ya kitenge chake, akaanza kuchora.

Mkono mmoja ulichora. Mkono mwingine aliuweka sakafuni, wazi, kiganja juu. Hakuunyoosha kwa mtu. Aliuacha tu pale.

Hakumwita Lugano. Hakumtazama hata kumtazama. Alichora jua la njano. Alichora mistari iliyopinda.

Baba akamweka Lugano chini. Lugano akasimama mlangoni, kidole mdomoni.

Akatembea kidogo, akakaa.

Sekela akachora.

Lugano akainuka, akatembea tena, akakaa. Sasa alikuwa karibu na karatasi. Aliona jua. Aliona mistari. Aliona uzi kwenye njiti, umelala juu ya karatasi.

Akauokota uzi. Akautikisa. Akaupuliza, pu, pu, na mate kidogo.

Sekela alitaka sana kumtazama. Hakumtazama. Alinong'ona tu, kama anaimba:

"Uzi, uzi mwembamba,
unaangalia wapi?"

Lugano akaushusha uzi. Ukaangukia kwenye kiganja cha Sekela, katikati kabisa.

Lugano akautazama uzi. Akakitazama kiganja. Akatazama kidole kilekile kilichomuuma.

Mama alisimama jikoni na mwiko mkononi. Baba hakuvua viatu.

Lugano akanyoosha kidole chake kidogo. Akakirudisha. Akakinyoosha tena.

Akagusa.

Kimya. Hakuna ta.

Akagusa tena, kwa nguvu zaidi. Hakuna ta. Akaweka mkono wote. Mkono wake ulikuwa na joto, na ulinata kidogo, kwa sababu Baba alimnunulia ndizi njiani.

Sekela hakufunga vidole. Alisubiri.

Lugano akauinua mkono wa Sekela kwa mikono yake miwili. Ulikuwa mzito kwake. Akauleta mpaka usoni, akakibandika kile kidole kwenye pua yake.

Akasubiri, macho yamefumbwa.

Akafumbua jicho moja.

"Kela," akasema.

Sekela akamkumbatia. Safari hii alimkumbatia kweli, na karatasi ikakunjika chini yao, na hakuna aliyejali.

Jioni baridi ikarudi. Mama akaingiza sweta kabatini, akampa Sekela koti la pamba. Shangazi akawaaga, akaondoka na maputo yake mfukoni, yameshatolewa hewa.

Baba alisema atamlaza Lugano. Lugano hakutaka. Alipanda kwenye mapaja ya Sekela, akajikunja, akaweka kichwa.

Alisema "Kela" mara moja, kwa sauti ya usingizi. Alisema tena, ndogo zaidi. Ya mwisho haikumalizika.

Kichwa chake kilikuwa kizito. Mguu wa Sekela ukaanza kufa ganzi. Ulianza vidoleni, ukapanda mpaka gotini.

Mama akaja kwa kunyata. "Nimchukue?" akanong'ona.

Sekela akatikisa kichwa.

"Hujachoka?"

"Mguu umelala," Sekela akanong'ona. "Mwache. Walale wote."

Mama akaleta blanketi la pamba. Akawafunika, Lugano na mguu na Sekela, akazima taa ya sebuleni.